Mnana na panya shamba: nani hasa anayetumaliza huku Lindi na Mtwara?

MwanaLukuledi (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie. Jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu msimu uliopita.

Nalima majaruba machache ya mpunga bonde la Lukuledi, na huko juu kwenye kichanga nina mahindi, kunde na mikorosho aliyoniachia marehemu baba. Mpunga ulipoingia maziwa, mwanangu wa darasa la tano akapanda dungu. Wiki tatu. Jua halijachomoza yuko kule na teo na kamba ya makopo, jioni anarudi sauti imemkauka. Shule akawa anakwenda siku moja moja. Sikuona ajabu, maana mimi mwenyewe nimekuzwa hivyo: adui ni ndege, ndege huamiwa, na wa kuamia ni mtoto.

Baada ya kuvuna nikakaa na mke wangu tukapiga hesabu ya mwaka mzima. Ndege walitutoa kama gunia moja la mpunga. Shamba la mahindi la juu lilikuwa limeshaisha tangu Desemba, mbegu ikiwa bado ardhini. Nilipanda, ikafukuliwa. Nikarudia, ikafukuliwa. Mara ya tatu mvua ilikuwa imeshasogea, na nilichokuja kuvuna hakikufika madebe matano. Kule juu hakuna aliyejenga dungu. Mla mbegu hakuonekana wala kusikika, kwa hiyo hakuna aliyempigia kopo.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama hawa wawili, mnana na panya shamba, na kumuuliza kila mwenye ujuzi. Nianze na mnana, maana huyu namfahamu tangu utoto.

Mnana ninayemsema ni yule dume mwenye kichwa cheusi, macho mekundu na mwili wa njano, anayejaza mnazi mzima viota. Wengi humwita kila ndege mdogo wa mpunga "kwelea". Kwelea ni ndugu yake wa ukoo mmoja, lakini ni mwingine: yule huja kwa makundi ya maelfu na malaki, akifuata mvua na mbegu za majani, na dume wake ana mdomo mwekundu. Mnana ni mwenyeji. Anakaa na sisi kijijini, kwenye minazi na miembe yetu.

Wakuu, mmewahi kukaa chini ya mnazi mkamtazama akisuka? Huchana chane za kuti kwa mdomo kama bibi anayeandaa ukili. Kwanza hufunga pete kwenye tawi, hiyo pete ndiyo msingi wake, na husimama humo humo akisuka chumba cha mayai upande mmoja, kisha sebule na mlango upande wa pili, ukitazama chini. Akimaliza huning'inia mlangoni kichwa chini, anapigapiga mabawa na kuimba ili jike aje kukagua. Jike akiridhika huingia na kutandika ndani. Asiporidhika, na kiota kikaanza kukauka na kupoteza kijani, dume hukibomoa kwa mdomo wake mwenyewe na kuanza upya. Mume na mke wa Kimarekani, Nicholas na Elsie Collias, walimchunguza ndege huyu miaka mingi, wakakuta kwamba madume walionyimwa majani mabichi tangu udogoni hawakuweza kusuka sawasawa walipokuja kupewa. Yaani kazi ile, pamoja na kuzaliwa nayo, inataka mazoezi.

Sasa panya shamba. Ni yule wa kahawia, tumbo la kijivu, mkia mrefu kama mwili wake, siye yule mkubwa wa majumbani. Kwa uzito hawapishani sana na mnana, wote ni wa kulala kiganjani. Ila mnana jike hutaga mayai mawili au matatu, hulalia kama siku 12. Panya huyu jike ana chuchu hadi 24! Mimba ni siku 23, uzao mmoja ni watoto kumi au kumi na wawili na wakati mwingine zaidi, na hao watoto baada ya miezi miwili mitatu wanaweza kuzaa nao. Pigeni wenyewe hesabu kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi.

Hapo ndipo niliposhtuka. Panya hawa huongezeka baada ya mvua, vyakula vikiwa tele, na huwa wengi kabisa mwishoni mwa kiangazi. Mwishoni mwa kiangazi ndipo sisi tunapopanda. Tunaiweka mbegu ardhini wakati ule ule midomo ni mingi na pori limekauka. Anafuata mstari wa mashimo, anafukua moja baada ya jingine, na siku za mwanzo baada ya kupanda ndizo anazotumaliza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemfuatilia kwa miongo kadhaa, na makadirio yanayotajwa kwa nchi yetu ni mahindi asilimia 15 hivi kwa wastani. Huo ni wastani. Mwaka wa mlipuko shamba zima linakwenda.

Nataka kusikia kwenu. Mimi msimamo wangu ni huu: tunamkalisha mtoto dunguni kwa sababu ndege anaonekana, na yule anayetuumiza zaidi tunamwachia shamba usiku kucha.


Kijana wa Ruangwa

Mleta uzi nakuheshimu lakini sikubaliani. Umepoteza gunia moja kwa sababu mtoto alikuwepo dunguni. Ungemwondoa siku tatu tu ungeona. Mtama wangu mwaka juzi nilikwenda msibani siku mbili, narudi masuke yamebaki makapi. Panya hawezi kufanya hivyo kwa siku mbili.


MwanaLukuledi

Kaka, hilo nalipokea, umenisahihisha. Kweli gunia moja ni hesabu ya shamba lililolindwa. Lakini angalia tofauti: mtama wako uliliwa ukiwa umekomaa, na ulijua siku gani na nani. Na dawa yake unayo, ni mtu kuwepo. Mimi kwa panya, hata ningelala shambani nisingemzuia.


Bibi wa Mikindani

Wanangu, mnamsifia mnana kwa kusuka, mje muone minazi yangu. Makuti ya juu yamechanwa hadi yamebaki vijiti. Mnazi usio na makuti hauzai. Minne sasa imesimama kama nguzo. Mkulima wa mpunga anaumia mwezi mmoja, mimi wa minazi naumia mwaka mzima.

Hata hivyo siwezi kumchukia. Mume wangu alikuwa akiamshwa na kelele zao kwenda pwani. Panya nilimchukia toka zamani, anakata nyavu na kutoboa kiroba cha mchele.


MwanaLukuledi

Shikamoo bibi. Pole kwa minazi. Huko kutoboa ndiko kunakomtenga panya na ndege kabisa. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, asipoguguna yatamzidi mdomo. Kwa hiyo hata asipokuwa na njaa ataguguna kiroba, waya, mlango. Mnana hana jino hata moja. Punje anaibangua kwa mdomo, kusaga ni kazi ya firigisi, kama kuku wako. Ndege akishiba ameshiba.


Fundi Baiskeli Masasi

Kwani kwa nini tunasema ndege anaimba na panya hatusemi hivyo? Nauliza kwa nia njema, binti yangu kaniuliza nikakosa jibu.


MwanaLukuledi

Swali zuri sana hili, mpe binti hongera. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa baiolojia akanieleza hivi. Sisi na panya sauti zetu hutoka kwenye koo, juu. Ndege chombo chake cha sauti kiko chini kabisa, pale njia ya hewa inapogawanyika kuelekea mapafu mawili. Na katika ndege kuna kundi kubwa la waimbaji, mnana yumo, ambao kinda huwasikiliza wakubwa na kujifunza, kama mtoto anavyojifunza lugha.

Ila panya naye anaimba! Panya wadogo wa maabara wamerekodiwa: dume akimnusa jike hutoa mlolongo wa sauti za juu sana, zimepita uwezo wa sikio la mtu. Watoto wa panya nao wakipoa au wakitoka kwenye tundu humwita mama kwa sauti za namna hiyo. Tofauti ni kwamba panya kwa sehemu kubwa huzaliwa na sauti zake, hajifunzi kwa mkubwa. Mimi jambo hili lilinikaa usiku mzima. Nadhani shambani kwangu kimya, kumbe pengine pana mazungumzo.


Mwalimu Mstaafu, Lindi Mjini

Niongeze la kwetu, vijana. Mnajua Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wetu. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, wakabebesha wazee wetu mifupa ya dinosaria kichwani hadi bandari ya Lindi. Yule mnyama mkubwa amesimamishwa Berlin hadi leo, urefu wake zaidi ya mita 13 kwenda juu. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita.

Ndege wote mnaowaona ni uzao wa dinosaria, wa lile tawi la waliotembea kwa miguu miwili, na wa tawi hilo nao walifukuliwa Tendaguru. Pale pale zimepatikana pia taya ndogo sana za wanyama wanyonyeshao, wadogo kama panya. Hawakuwa panya, panya walikuja baadaye sana, lakini ni wa upande wake na wetu. Kwa hiyo ndugu wa hawa wawili walishakanyaga udongo wa Lindi pamoja kabla ya mtu, kabla ya mpunga. Wakati ule wa ukoo wa mnana ndio waliokuwa wakubwa wa kutisha, na wa ukoo wa panya walikuwa wakijificha usiku.

Na kwa ukoo, mnana yuko karibu na mamba wa Ruvuma kuliko alivyo karibu na panya. Panya yuko karibu na wewe unayesoma.


Fundi Baiskeli Masasi

Shikamoo mwalimu. Ahsante sana. Nimemsomea binti, kaniambia nimwulizie yule panya mwenye pua ndefu kama mkonga anayeonekana misitu ya Rondo.


Mwalimu Mstaafu, Lindi Mjini

Marahaba. Yule ni sange, na si panya hata kidogo. Anakula wadudu, hana meno ya kuguguna, na ukoo wake uko karibu na tembo. Mwambie asimuue, shambani hana kosa.


Mmakonde wa Tandahimba

Nyie mnamsema panya vibaya, na hamjamtaja kama kitoweo. Huku kwetu ni samaki nchanga, na watu tumesomeshwa kwa huyo. Kiangazi vijana wanachimba, wanabanika, wanauza kwa mishikaki. Mtu wa kutoka mjini anacheka, sisi hatuna cha kuona haya. Protini ni protini. Mnana utapata nini? Kifua kama kidole gumba.

Tatizo langu ni moja tu, wanaochoma moto pori ili panya watoke. Mikorosho yangu kumi na moja iliungua kwa moto wa mtu aliyekuwa anatafuta panya ishirini.


Muuguzi Kituo cha Afya

Ndugu wa Tandahimba, chakula ni chenu na mkibanika kikaiva vizuri sina neno. Nina neno kwenye kumshika na kumpasua.

Mnakumbuka Julai 2022, Ruangwa. Watu wanatokwa damu puani, homa, kichwa, mwili hauna nguvu, mkoa mzima una hofu. Wizara ilipotangaza majibu, wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wamefariki. Ugonjwa ni leptospirosisi, ndiyo ikaitwa homa ya mgunda. Kwa Wayao mgunda ni shamba, na jina limekaa mahali pake, maana vimelea hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwa mbele, vikaingia kwenye maji na tope. Wewe unaingia jaruba pekupeku, una mchubuko mguuni, vinapita hapo. Au kwenye macho, au mdomoni.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha, mnana anakuachia hasara ghalani. Panya anaweza kukuachia msiba. Vaa buti kama unazo, funika vidonda, maji ya kunywa yafunikwe, na homa ikikushika baada ya kazi ya tope usikae nyumbani ukidhani ni malaria tu. Ikiwahiwa, dawa za kawaida za bakteria zinaitibu. Ikichelewa hufika kwenye figo na ini.


MwanaLukuledi

Dada muuguzi, ahsante kwa moyo wangu wote. Mwanangu alikuwa akishuka dunguni na kukanyaga tope lile kila siku, miguu wazi. Sikuwahi kufikiri.


Kijana wa Ruangwa

Hapo sina la kubisha. Niliyemfahamu alilazwa wakati ule. Alipona.

Lakini basi si tuweke sumu tumalize? Kuna mtu anauza mtama uliolowekwa dawa, anasema unaua wote wawili, ndege na panya.


Muuguzi Kituo cha Afya

Mdogo wangu, usiguse kitu hicho, nakuomba. Dawa ya kuulia wadudu kwenye punje inaua kuku wako, njiwa, mbwa aliyekula ndege aliyeanguka. Na umesoma hapo juu, kuna watu wanakula panya. Mtoto ataokota panya aliyelegea akidhani amepata bahati.


MwanaLukuledi

Nami nakazia, kwa sababu jirani yangu alifanya hivyo. Alipoteza kuku saba, na bundi wawili tuliwakuta wamekufa chini ya mbuyu. Najua bundi kwetu anaogopwa na watu humtupia mawe, lakini bundi kazi yake ya usiku ni panya. Tuliua mlinzi wa usiku kwa hasira ya mchana. Panya walirudi baada ya wiki chache kutoka mashamba ya pembeni, bundi hawajarudi.

Kuhusu panya kurudi: wataalamu wa panya wanasema mtu mmoja akitega peke yake anapoteza nguvu, maana nafasi ya aliyekufa hujazwa na wa jirani. Kazi ikifanywa na watu wa eneo zima kwa siku zile zile ndipo inashika. Kwa ndege ni hivyo hivyo kwa namna nyingine: ukiwahi kupanda peke yako, mpunga wako ndio wa kwanza kuiva, na mnana wote wa bonde wanahamia kwako. Mkipanda wote wiki moja wanagawanyika.


Mpenda Amani, Mtwara Vijijini

Naomba nimtetee panya mara moja. Nina ndugu ng'ambo ya Ruvuma. Vita vya Msumbiji viliacha mabomu ardhini miaka mingi, watu wakapoteza miguu wakienda kulima. Panya buku waliofundishwa hapa hapa Tanzania, Morogoro, walipelekwa kule kunusa mabomu, nao wana sehemu yao katika kazi iliyoifikisha nchi ile 2015, ilipotangazwa kumaliza maeneo yote ya mabomu yaliyojulikana. Uzito wa panya buku haulipui bomu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Shangazi yangu analima leo mahali ambapo zamani palizungushiwa kamba nyekundu.


MwanaLukuledi

Umenigusa ndugu yangu. Panya buku si yule anayefukua mahindi yangu, lakini ni wa jamii hiyo ya wagugunaji, na nimefurahi kuandika jina la Magawa kwenye daftari langu.

Nami nimtetee mnana kwa kitu alichonionyesha bibi mmoja, nikaja kukisoma baadaye. Mayai ya mnana hayafanani: jike mmoja hutaga meupe, mwingine ya bluu, mwingine ya kijani yenye madoa, na kila jike hutaga aina yake maisha yote. Sababu ni yule ndege mdogo wa kijani kinachong'aa, wa ukoo wa kekeo, anayevizia na kutaga yai lake kwenye kiota cha mwenzake. Mnana anayelijua yai lake hulitupa la mgeni. Pia makinda yake hulishwa wadudu kwa wingi, na hao wadudu wanatoka kwenye mashamba yetu. Panya shamba naye anakula wadudu, nisimnyime haki yake, ila nikiweka kwenye mizani kwangu mimi mnana ananilipa kidogo cha alichochukua.

Sasa nieleze tulichokubaliana, maana tangu nianzishe uzi huu nimekaa na wenzangu saba wa mpakani kwangu. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, tunafyeka mipaka yote na vichaka kati ya mashamba siku moja, bila moto, kwa ajili ya mikorosho. Mitego ya ndoo zilizozikwa zenye maji tunaweka wote usiku ule ule kwa wiki mbili, na anayeokota panya anavaa mfuko wa plastiki mkononi. Mbegu inaingia ardhini ndani ya wiki moja kwa wote wanane, na tunapita kila asubuhi siku kumi na nne za kwanza kuangalia mashimo. Ghala la mama mkwe tumeliinua juu ya nguzo na kuzivisha bati.

Kwa mnana dungu litabaki, ila ni moja kubwa la watu wanane, na wakaaji ni sisi watu wazima kwa zamu, nusu siku kila mmoja. Mke wa jirani ameomba zamu ya alfajiri, anasema anapenda kuwatazama wakisuka.


Bibi wa Mikindani

Na mtoto?


MwanaLukuledi

Yuko shule bibi. Jumamosi atakuja dunguni baada ya kufua sare, na buti za mjomba wake.